Nusu Iliyotoka Kwangu

"Nenda salama, mwanangu, na ukipata mchumba usiwe na wasiwasi. Damu yetu sisi ni safi. Kile kilichomchukua Deo kilitoka Mpui."

Adelina, ndivyo alivyosema shangazi yako Yustina jana mchana, sahani ya wali mkononi, mbele ya ndugu wote waliokuja kukuaga. Baba yako mdogo Leonsi akaitikia, "Kabisa." Wengine wakatikisa vichwa kukubali. Ulinigeukia, ukanitazama, ukangoja. Nami, mtu ninayejulikana Sumbawanga nzima kwa kutoiachia hoja ya kipumbavu ipite, nikaomba niongezewe mchuzi.

Sasa naijibu. Ni uongo, tena uongo wa kivivu. Mdogo wako Deo alikufa kwa sikoseli, na ugonjwa huo haumshiki mtoto mpaka apokee nusu mbili zenye kasoro: moja kutoka kwa mama, moja kutoka kwa baba. Nusu moja haitoshi kumlaza hata siku moja. Anayesema ugonjwa ulitoka Mpui, kwao mama yako, ameiacha nusu ya pili ikielea hewani kama haina mwenyewe. Inaye. Mwenyewe ni mimi.

Na kabla hujamchukia shangazi yako, jua kwamba hoja ile si yake. Aliipata kwangu. Yeye ameirudia tu, miaka yote hii, kwa uaminifu wa mtu anayemwamini kaka yake aliyesoma. Mpinzani ninayepaswa kumjibu leo ni yule ninayemnyoa ndevu kila asubuhi.

Kesho unapanda basi kwenda Dar es Salaam kusomea maabara ya tiba. Sitakuandikia habari za chandarua, misa wala marafiki; wanawake wa ukoo wamekwisha kukujaza hayo mpaka masikio yamefurika. Nakuandikia hili moja, ambalo nilipaswa kulisema ukiwa mtoto, na ambalo nadhani unalijua tayari.

Unalijua kwa sababu ulilisoma. Kidato cha nne mlichora ule mraba wa vyumba vinne, herufi za baba juu, herufi za mama ubavuni, na watoto ndani ya vyumba. Ulirudi likizo ya mwezi wa sita. Tulikuwa tunakula, mimi na wewe, ugali na dagaa, ukaniuliza bila kuinua macho: "Baba, wewe ulishawahi kupima?"

Nikasema, "Kula, chakula kinapoa."

Ukala. Kwa wiki mbili zilizofuata ulinisalimia shikamoo ukiutazama ukuta. Nilijua unachokijua. Nilijua pia kwamba unanipa nafasi, unaningojea niseme mwenyewe, kwa adabu ambayo sikukufundisha mimi. Umeningojea miaka minne. Jana ulingoja tena, na nikaomba mchuzi.

Nianze na mama yako, maana hujawahi kunisikia nikimzungumzia isipokuwa kwa maswali mafupi: hajambo, mahindi yameotaje.

Nilikuwa mwalimu mpya wa biolojia, kichwa kimejaa vitabu, mdomo hauna breki. Nilikwenda Mpui kununua maharage, nikamkuta Skola amekaa na madebe yake mawili, nikaanza kumhubiria. Nilimwambia mwili wa binadamu ni mji wa seli nyingi zisizohesabika, na kazi karibu zote za mji huo zinafanywa na protini. Nywele ni protini. Misuli ni protini. Kinachovunja wanga wa ugali mdomoni mpaka ukauona unaanza kuwa mtamu, ni protini. Nikamwambia protini ni mnyororo wa viungo vidogo viitwavyo asidi amino, aina ishirini tu, na kwamba baadhi ya aina hizo mwili hauwezi kujitengenezea, lazima zitoke kwenye chakula. Mahindi yana upungufu wa aina fulani, maharage yanazo. Maharage nayo yana upungufu wake, na mahindi yanaujaza.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Kwa hiyo, Mwalimu, unachosema ni kwamba mahindi na maharage yanafaa kuoana."

"Kisayansi, ndiyo."

"Basi maharage ninayo. Wewe mahindi yako yako wapi?"

Wenzake wakacheka mpaka mmoja akajifunika kanga usoni. Mimi nilirudi mjini na debe la maharage nisilolihitaji. Mwaka uliofuata tulifunga ndoa. Mwanamke yule alikuwa ameishia darasa la saba, na alielewa katika dakika kumi kitu ambacho mimi sikukielewa mpaka nilipompoteza: kwamba mwili hautengenezwi na mmoja.

Ulizaliwa wewe, mzima, na kelele zako. Miaka miwili baadaye akazaliwa Deo.

Alikuwa hajafikisha miezi tisa viganja na nyayo zake zilipovimba. Vidole vilinona, vikang'aa, na ukimgusa analia kilio ambacho sijakisikia tena kwa mtoto mwingine. Hospitali ya hapa mjini wakachukua damu, wakaniambia ni sikoseli. Nilirudi nyumbani na karatasi ile nikiwa na jambo la ajabu kifuani: huzuni, na chini ya huzuni, fahari kidogo. Jibu nilikuwa nalifahamu. Nilikuwa nalifundisha.

Utafundishwa haya vizuri kuliko nilivyoweza mimi, lakini nataka uyasikie mara moja kwa sauti ya baba yake. Ndani ya seli kuna kiini, na ndani ya kiini kuna maandishi: maagizo ya kila protini ambayo mwili utawahi kuihitaji. Kila agizo limeandikwa mara mbili. Nakala moja aliileta baba, moja aliileta mama. Seli ikitaka protini, inanakili agizo, inalituma nje ya kiini, na huko viwanda vidogo vinalisoma na kuunganisha asidi amino moja baada ya nyingine kwa mpangilio ulioandikwa. Mnyororo ukikamilika unajikunja, na umbo lake ndilo kazi yake. Umbo likibadilika, kazi inabadilika.

Hemoglobini, protini inayobeba oksijeni kwenye damu, imeundwa kwa minyororo minne. Miwili kati yake ina viungo mia moja arobaini na sita kila mmoja. Kwa Deo, mia moja arobaini na tano vilikuwa sahihi. Cha sita kutoka mwanzo kilikuwa kingine. Ilibadilika herufi moja katika maandishi, kikaondoka kiungo kinachopenda maji, kikaja kinachoyakimbia. Protini ikishatoa oksijeni yake, kiungo hicho kinatafuta mahali pa kujificha, kinajibanza kwenye protini ya jirani, na ya jirani kwa ya jirani, mpaka zinakuwa fito ndefu ndani ya seli. Seli nyekundu, ambayo inatakiwa kuwa laini ipite kwenye mshipa mwembamba kuliko unywele, inapinda kama mundu. Inanasa. Nyuma yake zinanasa nyingine. Hapo ndipo mtoto anapopiga kelele.

Na baridi huzidisha. Wewe unaijua Juni ya huku kwetu juu, upepo unaopita uwandani hauna mti wa kuuzuia. Mama yako alimvalisha Deo soksi mbili mbili na kofia ya sufu hata ndani ya nyumba. Watoto wenzake walimwita Babu.

Deo alikuwa bado hajamaliza mwaka wa pili baba yako mkubwa Oswald, Mungu amrehemu, alipoita kikao cha ukoo. Wewe ulikuwa umelala chumbani. Tulikaa sebuleni kwake, wanaume kwenye viti, wanawake kwenye mikeka, mama yako karibu na mlango na Deo mapajani. Nilikuwa nimesikia kitakachosemwa, nikaja nimejiandaa kwa vita. Unajua nilivyo nikijiandaa.

Oswald akasema mtoto huyu amefungwa. Kuna mtu aliyemfunga viganja na nyayo asishike wala asitembee. Akasema jina la mtu huyo linajulikana. Hakulitaja, alitazama tu upande wa barabara ya Mpui. Alikuwa anamaanisha bibi yako, mama yake Skola, mjane, macho mekundu kwa moshi wa jikoni. Unajua kinachoweza kumpata mwanamke mzee wa aina hiyo jina lake likishatajwa kikaoni.

Nikasimama.

"Kaa chini, Mwalimu," akasema mzee mmoja. "Hapa hakuna kengele."

Watu wakacheka. Sikukaa. Nilizungumza, sijui kwa muda gani. Niliuvunjavunja uchawi mbele yao kipande kwa kipande. Niliwaambia kwamba wazee wa kale walituachia jina la mji huu kama amri, sumba wanga, tupa uchawi, nasi tumeugeuza mji huu kuwa mzaha wa nchi nzima. Nikawaambia mtoto hakufungwa na mtu, ana ugonjwa wa damu, ni protini, ni wa kurithi, umeandikwa, unapimwa. Nilikuwa mzuri siku ile. Niliona nyuso zikilainika. Oswald mwenyewe alishusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Ndipo Yustina akauliza, kwa upole tu, hakuwa na nia mbaya: "Sawa, kaka. Umesema ni wa kurithi. Sasa umetoka upande gani?"

Upande. Neno dogo namna hiyo. Huku kwetu kila kitu kina upande: mahari, msiba, jina la mtoto, kiti cha kukalia harusini. Lilikuwa swali la kawaida kabisa, na jibu lake nililichora ubaoni kila mwaka kwa chaki mbili za rangi. Pande zote mbili, Yustina. Kwetu na kwao. Maneno machache, na ningekuwa nimemaliza.

Nikawatazama wale wanaume kwenye viti. Walikuwa wameanza kunisikiliza kama mtu mzima. Nikaona nikisema kwetu, nimejishusha na kuwashusha wote. Nikasema: "Kwa kweli, mimi kwetu sijawahi kuuona."

Hata hiyo, mwanangu, haikuwa kweli. Sisi tulizaliwa Muze, kule chini bondeni karibu na Ziwa Rukwa, kabla baba yetu hajatupandisha huku juu. Kati ya Leonsi na mimi palikuwa na mtoto wa kike. Alivimba vidole, akawa na macho ya manjano, akafa kabla hajajifunza kutembea. Walisema homa. Na mimi nilikuwa nikijigamba tangu utotoni kwamba malaria ya Muze, iliyowamaliza wenzangu, mimi haikuniweza. Baadaye nilifundisha, kwa sauti kubwa, kwamba mtu mwenye nusu moja ya sikoseli hustahimili malaria kuliko wengine, ndiyo sababu nusu hiyo imeenea sehemu zenye mbu wengi. Nilifundisha hivyo, na kujigamba nikaendelea, na sikuruhusu mambo hayo mawili yakutane.

Kikao kikaridhika. Oswald akasema, "Basi, ni damu ya kule." Mama yako aliinua macho akanitazama. Hakuwa na hasira. Alikuwa anatafuta kusikia kama nimemaliza.

Nilikuwa nimemaliza.

Nilijitetea kwa miaka kwamba nilimwokoa bibi yako. Nilimwokoa kweli. Hakuna aliyelitaja jina lake tena kwa uchawi, na alizeeka kitandani kwake. Lakini ona nilivyotii ile amri ya mji. Uchawi niliutupa. Kiti cha mwanamke wa kulaumiwa sikukitupa. Nilikiacha palepale sebuleni, nikamkalisha mama yako. Nikampa jina la kisayansi kabisa. Nimeandika makala magazetini dhidi ya waganga, nimegombana na diwani, nimebishana na padri mpaka akaacha kuja kunywa chai kwangu, na katika mabishano hayo yote sikuwahi kukutana na mtu aliyeitumia elimu vibaya kuliko nilivyoitumia mimi jioni ile.

Deo aliishi miaka saba. Unamkumbuka mwenyewe, sina haja ya kukuchorea. Alipenda kuuliza. Alipolazwa mara ya mwisho, Julai, wewe ulibaki kwa shangazi yako, kwa hiyo hili hulijui. Alikuwa amewekewa drip, midomo imekauka, lakini kichwa kilikuwa chake. Akaniambia, "Baba, nieleze tena ile ya mnyororo."

Nikamweleza. Viungo mia moja arobaini na sita.

"Na kibovu kimoja tu?"

"Kimoja tu, cha sita."

Akafikiri. "Nani alikiweka?"

Mtoto wa miaka saba, Adelina. Akaliuliza swali lilelile la kikao, na safari hii hapakuwa na Oswald, hapakuwa na viti, hapakuwa na ukoo wa kulindiwa heshima. Tulikuwa watatu. Nikakohoa. Nikaishika ile drip nikajifanya naangalia matone.

Mama yako akasema, "Ni mimi, baba. Mimi ndiye niliyekiweka. Sikujua."

Deo akamshika kidole. "Si kitu, mama," akasema.

Akafa siku mbili baadaye, asubuhi, jua likiwa limeshaingia wodini. Bandama lilikuwa limemeza damu yote. Nilijua kila hatua ya kilichokuwa kinatokea ndani yake, ningeweza kuichora. Sikuwahi kuwa na elimu nyingi kiasi hicho na faida ndogo kiasi hicho.

Baada ya arobaini mama yako alifunga mizigo yake. Wewe unaamini alikuacha. Niliacha uamini hivyo. Nitakuambia alivyoondoka. Alikuja barazani nilipokuwa nimekaa na gazeti, akapiga magoti, akasema: "Mwalimu, naomba unisamehe. Nilikuletea damu mbaya nyumbani kwako. Nikikaa nitakuzalia mwingine ateseke hivyohivyo. Adelina ni mzima, ameifuata damu yako. Mlee huku kwenu."

Soma hapo tena. Alikuacha kwangu kwa sababu aliamini wewe ni wa upande wangu, upande safi, na kwamba yeye ni sumu. Alikuwa anakulinda.

Na mimi nikasema: "Nimekusamehe."

Nimeandika maneno mengi maishani, mengine makali, mengine ya kuwaonea watu. Hakuna neno ninalolijutia kama hilo. Nilimsamehe. Nikanyoosha mkono nikamwinua pale chini, kwa ukarimu, kama padri. Akanishukuru. Akachukua sanduku lake akaenda kituoni, nami nikaendelea na gazeti, nikasoma mstari mmoja mara ishirini.

Ilinichukua muda kujua kwamba woga una nguo nyingi. Wangu ulivaa joho la elimu, ndiyo maana sikuutambua. Wewe unakwenda mahali ambapo utapewa nguo hiyo. Utavaa koti jeupe, watu watakuja mbele yako wakitetemeka, wakiuliza ugonjwa umetoka upande gani, na sauti yako itakuwa sheria kwao. Sikupi amri. Nakuonyesha tu mahali nilipoangukia mimi, maana palikuwa tambarare kabisa, sikuona shimo.

Mwezi uliopita, jina lako lilipotoka chuoni, nilikwenda hospitali kupima. Kijana wa maabara alikuwa mwanafunzi wangu.

"Shikamoo, Mwalimu! Leo sukari au presha?"

"Marahaba. Sikoseli."

"Sikoseli? Kwa umri huu? Au Mwalimu unaoa?"

Muuguzi aliyekuwa pembeni akacheka. Nikacheka nao. Majibu yalipotoka akaniita ndani, akaniambia kwa sauti ya kunituliza: "Unayo nusu, Mwalimu. Usiogope, haina madhara kwako."

Nilitoka nje nikakaa kwenye benchi la wagonjwa. Haina madhara kwako. Nilikuwa nimeibeba kwenye kila seli ya mwili wangu, ya ini, ya jicho, ya mkono huu unaoandika, miaka hamsini na mbili, na haikuwahi kuniuma hata kidogo. Ilimuuma Deo. Ilimuuma mama yako. Kipimo hicho sikukihitaji ili kujua. Nilikihitaji tu kama mtu anavyohitaji kusukumwa mlangoni.

Kuna seli moja mwilini inayonisumbua. Ni hiyohiyo nyekundu. Ikikomaa inatupa kiini chake ili ipate nafasi ya kubeba oksijeni zaidi. Inatupa maandishi yote, ya baba na ya mama. Inafanya kazi yake vizuri, lakini haiwezi tena kujirekebisha. Ikiharibika inabaki hivyo mpaka ife, siku mia moja na ishirini hivi kama ni nzima, chini sana ya hapo kama ni ya mtoto kama Deo. Nilifundisha hilo kama jambo la kuvutia. Siku hizi nalifikiria nikiwa kitandani. Nilijipunguzia mzigo ule kikaoni ili niweze kubeba heshima, na tangu hapo sijui kujirekebisha. Najaribu sasa, kwa kuchelewa kusikosemeka.

Seli zako nyingine zote, Adelina, zina viini. Katika kila moja mama yako yupo, nusu kwa nusu nami, hata ile ya mfupa wa kidole chako kidogo. Ukimkwepa, ukienda Mpui siku mbili tu za likizo na kurudi na udhuru wa masomo, unamkwepa kwa sababu yangu. Uliniona mimi nikikaa kama mtu aliyekosewa, ukadhani kulikuwa na kosa. Au labda tangu kidato cha nne ulijua hakuna kosa, na ukashindwa kumtazama usoni bila kumwambia, na kumwambia kungekuwa kunisaliti. Ndilo ninaloliogopa zaidi. Kwamba nilikuweka katikati, ukiwa na miaka kumi na sita, ukanibebea.

Nilikuwa nimeanza kuandika ombi hapa: kwamba basi likisimama Mpui umpe mama yako barua hii. Nimelifuta. Umebeba kimya changu muda wa kutosha, sitakubebesha na maneno yangu.

Kesho nitapanda basi pamoja nawe. Nimekata tiketi ya kuishia Mpui. Nitashuka pale, wewe utaendelea. Usishuke nami. Najua moyo wako. Utataka kusimama kati yetu, utataka kumwambia mama yako kwamba baba amezeeka, baba ameteseka, baba amejutia. Usinitetee. Acha nimkute peke yangu, nipige magoti yangu mwenyewe, na kama atasema hanisamehe, nisikie nikiwa hapo chini. Yeye akitaka kukupigia simu, atakupigia. Ukiiona namba yake, ipokee hata ukiwa darasani.

Na wewe ukapime, usimngojee mchumba. Kwa hesabu ya mraba, mtoto mzima wa wazazi kama sisi ana nafasi mbili kati ya tatu za kuwa na nusu. Ukiwa nayo, iite kwa jina lake. Usiulize ni yangu au ya mama yako.

Nimeinakili barua hii mara mbili kwa mkono. Nakala moja itakuwa kwa Yustina kesho asubuhi, nyingine kwa Leonsi, na mistari iliyobaki ni yao.

Yustina. Leonsi. Mwaweza kunikasirikia, nitawasikiliza wiki nzima ijayo. Lakini Jumamosi njooni Mpui, nyinyi wawili, na wake kwa waume wote waliokuwa kwenye kikao kile na bado wako hai. Msije na pole, na msimwambie Skola kwamba yamepita. Wewe Yustina uliuliza swali, na nililijibu kwa uongo. Njoo uliulize tena mbele yake, kwa sauti ileile, na jibu mlitoe wote kwa midomo yenu: nusu ilitoka kwetu.